Programu Yangu Ilimfanya Mzee Wafula Marehemu, Nami Nikanyamaza

Aliyemfanya Mzee Wafula marehemu ni mimi. Kabla hamjatafuta polisi, jueni kwamba mzee yuko hai, anakula, anakohoa na kugombana na majirani juu ya kamba ya nguo. Lakini kuna Jumamosi moja watu walimlilia hapa mtaani Huruma akiwa ndani ya nyumba yake anakula omena, na kosa lilikuwa langu. Mwingine ndiye aliyebebeshwa. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale nikinywa chai.

Majina yote nimeyabadilisha. Langu nimeliacha nje kabisa, maana mimi ni mwoga. Mtaona.

Sikusomea kompyuta. Nilimaliza kidato cha nne nikaanza kujifunza kwenye saiba ya mtaani, nikifagia ili niruhusiwe kukaa kwenye mashine isiyo na mteja. Mtu aliyejifunza hivyo ana ugonjwa mmoja: kila siku anahisi kuna msomi wa chuo kikuu atakayetokea nyuma yake amuulize, wewe ulipewa ruhusa na nani? Dawa yangu ilikuwa usafi. Programu zangu zilikuwa safi kama uwanja wa kanisa asubuhi ya Jumapili. Mstari mmoja ukikaa upande, chakula hakishuki. Ndiyo, nina shida. Mama yangu alishasema.

Akoth tulijifunza pamoja. Anakaa na mama yake ghorofa ya chini yetu. Yeye hana ugonjwa wangu. Anaandika programu kama mtu anayepika sukuma: upesi, inaiva, watu wanakula.

Alikuwa ametengeneza mfumo wa meseji wa chama chetu cha kufaana, chama cha watu wa magharibi ya nchi tunaokaa mitaa hii. Kazi kubwa ya chama ni kuhakikisha mtu akifariki anasafirishwa nyumbani kwa heshima. Zamani habari za msiba zilipita mlango kwa mlango, na hadi zifike ghorofa ya juu, marehemu alikuwa ameshageuka mtu mwingine. Mfumo wa Akoth uliwafikia wanachama wote kwa mpigo mmoja. Mzee Wafula, mstaafu wa reli na mwenyekiti wetu, alimsifu mbele ya watu, akamwahidi kumpeleka kwa chama kama chetu cha mtaa wa Tassia awafanyie vivyo hivyo. Kwa Akoth hiyo ilikuwa riziki ya kwanza ya kompyuta. Jina lake lilikuwa limeanza kutembea.

Sasa, mfumo kama huo una ufunguo: mstari mrefu wa herufi na tarakimu unaouruhusu kutuma meseji. Anayeushika ufunguo ndiye mwenye mdomo wa chama. Na kosa la kila anayejifunza ni kuusahau ufunguo ndani ya kazi yake, kisha kuiweka kazi hiyo mtandaoni ulimwengu mzima uione.

Ndiyo maana nikatengeneza Pekua. Ni programu isiyo na picha wala vitufe. Unafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, unaandika pekua, inapitia faili zako zote na kukuonyesha kwa rangi nyekundu kila siri uliyoisahau humo.

Ilikuwa nzuri! Nitasema hivyo hata mkinichukia.

Tuliijaribu kwenye kundi letu la simu, vijana wa kompyuta wa Eastlands. Ili nione kama inakisia sawasawa, niliongeza mistari michache: Pekua ikipata siri, itume nakala yake kwenye kundi. Wote tulitumia funguo za uongo, majina ya uongo, namba za uongo. Brayo wa Tassia, ambaye hawezi kuvuta pumzi bila kufanya mzaha, alikuwa akiingiza funguo zinazosomeka kama matusi. Tulicheka sana. Ikawa kama sheria ya kundi: kinachoonekana hapa si cha kweli.

Kisha ukafika wakati wa kuifunga Pekua iwe kifurushi, yaani kuipanga ili developa yeyote, awe Mathare au ng'ambo, aisakinishe kwa amri ya mstari mmoja kutoka ghala la umma la vifurushi. Hapo ugonjwa wangu ukanipanda kichwani.

Nilihangaika na neno la onyo, liwe "Hatari" au "Tahadhari", nikalibadilisha mpaka nikasahau maana ya yote mawili. Niligombana na wekundu wa maandishi. Niliandika ukurasa wa maelekezo, nikaufuta, nikauandika tena. Mama aliingia akanikuta natazama nukta, akatoka zake.

Na ile mistari ya kutuma nakala kwenye kundi? Nataka mnielewe vizuri: sikuisahau. Kusahau ni jambo la kibinadamu, na mtu aliyesahau haandiki ungamo refu hivi. Niliifikia. Niliiteua yote, kidole kikawa juu ya kitufe cha kufuta. Kisha nikawaza: nikiifuta, nitajuaje kama Pekua imekosea kwenye kompyuta ya mtu nisiyemjua? Je, ikiita siri kitu kisicho siri, mtu huyo acheke, aitupe, asiniambie kamwe?

Na kuna lingine, la aibu zaidi. Nilitaka wenzangu wa kundi waone Pekua ikitumika. Nilitaka waone!

Nikaiacha. Kwa muda tu, nikajiambia. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa usafi, juu ya mistari hiyo niliandika maelezo mafupi: hapa tunatuma nakala kwenye kundi.

Kisha nikarudi kwenye ukurasa wa maelekezo, nikaikuta sentensi niliyoiandika tangu mwanzo: "Pekua haitumi chochote nje ya kompyuta yako." Ilikuwa sentensi tamu. Fupi, imesimama wima. Nilipojaribu kuiondoa, ukurasa ulibaki kama mdomo uliong'olewa meno ya mbele. Nikaiacha nayo. Uongo wangu wa kwanza niliusema kwa sababu ulipendeza. Yesu wangu!

Kifurushi kikaenda ghalani. Akoth alikuwa wa kwanza kukitaka. Alinikuta kwenye ngazi, laptopu kwapani, akaniuliza kama anaweza kuipitisha kwenye mfumo wa chama wenyewe, ule wa kweli.

"Lakini haitumi kitu nje?" aliuliza.

Swali lenyewe hasa! Mungu hakunificha. Alinisimamisha kwenye ngazi akanipa nafasi mkononi.

"Soma maelekezo," nikamwambia.

Hata sikusema hapana. Nilimpeleka kwa sentensi yangu tamu. Akaisoma, akaamini, akaandika amri. Pekua ikaupata ufunguo wa meseji ukiwa umesahauliwa kwenye faili moja ya zamani, ikauonyesha kwa ule wekundu niliougombania. Akoth akaushukuru wema wangu, akaufuta ufunguo kwenye faili ile, akaendelea na shughuli zake akijua yuko salama.

Dakika hiyo hiyo ufunguo ulikuwa umetua kwenye kundi, ambalo yeye hakuwamo.

Niliuona. Mnajua nilihisi nini kwanza? Furaha. Pekua imepata siri ya kweli! Niliweka hata ile alama ya kidole gumba. Baadaye ndipo nikakumbuka ni ufunguo wa nani. Nikaufuta ujumbe ule kundini, nikaondoa mistari ya kutuma nakala, nikapeleka ghalani toleo jipya na kuliandika "marekebisho madogo".

Kilichobaki kilikuwa jambo dogo kuliko yote: kushuka ngazi nimwambie Akoth, badilisha ufunguo, ule wa sasa umeonekana. Sentensi moja. Lakini sentensi hiyo ingeiua ile yangu tamu. Nikasema nitamwambia nikipata namna nzuri ya kulisema. Sikuipata.

Jumamosi ikafika. Simu ya mama ikalia mezani, akaisoma, akakaa chini kwenye ndoo. Chama kilikuwa kinatangaza kwa huzuni kubwa kifo cha mwenyekiti wetu, Mzee Wafula. Wanachama wote wafike nyumbani kwake mchana huu, waje na sukari ya kutosha, kwani marehemu alipenda chai. Mama alifuta machozi, akatwaa sukari yetu yote. Mimi nikabeba viti vya plastiki, viwili huku viwili kule, nikamfuata.

Nje ya nyumba ya mzee watu walikuwa wamejaa. Kina mama wa kanisa walishaanza wimbo. Mtu alikuwa ameleta turubai na anabishana na mwenye nyumba mahali pa kufungia kamba. Mlango ukafunguliwa, akatokea Mzee Wafula mwenyewe, fulana ya ndani, kofia kichwani, tonge la ugali mkononi. Wimbo ukakatika vipande vipande, maana waliokuwa nyuma hawakumwona, wakaendelea kuimba sauti ya pili peke yao.

Mzee akaona sukari, akaona viti, akajua ni msiba. Akavua kofia.

"Nani ametuacha?" aliuliza.

Mama mmoja mnene wa kwaya akasema kwa upole, kama anavyoambiwa mgonjwa, "Mwenyekiti."

"Mwenyekiti gani?"

"Ni wewe, Mzee."

Watu walicheka, na mimi nikacheka, mpaka nilipokumbuka ile habari ya sukari. Marehemu alipenda chai. Huo ulikuwa mzaha, na niliujua ni mzaha wa nani. Kicheko kikanigandia mdomoni.

Kisha ikaja habari iliyomaliza vicheko vyote. Mama Wafula, mke wa mzee, alikuwa sokoni Kariobangi, naye ni mwanachama. Meseji ilimkuta akichagua nyanya. Alikimbia akilia, akavuka mtaro vibaya, akaanguka na kuvunjika mkono. Wasamaria wema walimpeleka kliniki, na huko ndiko alikopigiwa simu na mumewe, marehemu. Hakuamini. Alimtaka amtajie jina la ng'ombe aliyetolewa mahari.

Mzee aliporudi kutoka kliniki hakuwa anacheka tena. Alisema kwa kuwa wanachama wote wako hapa na viti vipo, basi huu ni mkutano. Chai ikachemshwa kwa sukari ya msiba wake mwenyewe, tukamiminiwa. Akoth akaitwa mbele.

Ufunguo wa meseji anao nani? Ni mimi, akasema. Nani mwingine? Hakuna. Sauti zikaanza kupanda. Mmoja alisema wasichana wa siku hizi wanacheza na vitu vizito. Mwingine alisema kumtangaza mtu aliye hai ni kumchimbia kaburi, na aliyefanya hivyo hakukosea, alikusudia. Mama yake Akoth alikuwa ameketi mbele yangu. Niliona shingo yake ikiinama kidogo kidogo.

Akoth hakulia. Alisema wiki hiyo hiyo alikuwa ameupima mfumo, akafuta hata ufunguo uliosahauliwa, na kwamba programu aliyoitumia haitumi kitu nje. Kisha akageuka kunitafuta kwa macho kati ya watu, akaniona.

"Mwambie Mzee," akasema. "Wewe ndiye uliyeitengeneza."

Nikasimama, kikombe mkononi. Sikuwahi kusikilizwa na watu wengi hivyo maishani.

"Pekua haitumi chochote nje ya kompyuta yako," nikasema.

Neno kwa neno. Nikakaa. Tena toleo la ghalani siku hiyo lilikuwa halitumi kitu kweli, na kwa huo uchochoro nilijipitisha kama panya. Niliona uso wa Akoth ukitulia, akidhani nimemtetea. Hakujua kwamba kama haikuwa Pekua, basi hakubaki mwingine ila yeye.

Chama kikamwondoa. Taarifa za misiba zikarudi mlango kwa mlango. Mpango wa Tassia ukafa. Watoto wa ploti, yaani jengo letu la kupanga, wakampa jina, yule dada anayeua watu kwa simu, na wanawake wakawa wanahama upande mwingine wa kamba ya nguo mama yake akifika na beseni.

Brayo alinipigia jioni ya siku ile. Hakuwa na mzaha.

"Buda, niambie hiyo ufunguo ilikuwa ya uongo."

Nikamwambia ilikuwa ya kweli. Alinieleza alivyounakili ule ufunguo kabla sijaufuta kundini, akaingia nao, akakuta majina na tangazo la msiba la zamani, akadhani ni chama tulichokitunga kwa majaribio kama kawaida yetu, akambadilisha marehemu, akatuma, akacheka, akaenda zake kucheza mpira. Alitaka kwenda kwa Mzee Wafula papo hapo. Mimi ndiye niliyemsihi asubiri, nipange maneno. Akasema sawa, lakini nisimfanye akae na hiyo kitu kifuani.

Nilikuwa nimesahau jambo moja kuhusu ghala la vifurushi, mimi bingwa wa usafi. Ukipeleka toleo jipya, la zamani halifutiki. Linakaa pale pale, na mwenye subira anaweza kulifungua.

Akoth ana subira. Alinikuta juu ya paa nikianika shati.

"Nimefungua toleo la kwanza," akasema. "Uliniambia nisome maelekezo. Sasa nimesoma yote, hata yale uliyoandika ndani."

Hapa tunatuma nakala kwenye kundi. Usafi wangu huo! Nilianza kueleza habari ya majaribio, na wasiwasi wangu, na jinsi nilivyokuwa karibu kuifuta. Akanikatiza.

"Mimi usinielezee. Mimi najua. Mzee ndiye hajui, na mama wa watu ana plasta. Nenda ukaseme."

"Nitasema, Akoth. Nipe muda kidogo niyapange maneno."

"Ile siku mbele ya watu uliyapanga saa ngapi?"

Akashuka. Nami, msinicheke, nikaenda kuandika msamaha. Niliandika mwanzo wa aina nyingi. "Mpendwa Mzee" ilionekana kama barua ya mapenzi. "Kwa mwenyekiti" ilionekana kama maombi ya kazi. Nilipanga aya, nikazipangua. Huku chini mama yake Akoth anaanua nguo peke yake, mimi ninatafuta neno bora kuliko "samahani".

Akoth akachoka kusubiri. Kwenye ukurasa wa Pekua mtandaoni, mahali ambapo mtumiaji yeyote huandika hitilafu aliyoiona, aliandika ripoti kwa jina lake kamili. Kichwa chake: "Maelekezo yanasema Pekua haitumi chochote nje. Toleo la kwanza linatuma." Chini yake akaonyesha mistari yenyewe na namna ya kuhakikisha. Hakuna tusi. Hakuna hata salamu. Ilikuwa ripoti bora kuliko zote nilizowahi kusoma.

Ndipo nikaenda. Kwa hiyo msinipongeze. Nilikwenda kwa sababu nilishaanikwa. Watu wa mbali nisiowajua walianza kuandika wakiuliza siri zao zimekwenda wapi, wengine kwa lugha nisiyoweza kuirudia kwenye gazeti linalosomwa na wazazi. Nikawajibu wote wabadilishe funguo zao. Kisha nikamwita Brayo, tukabisha kwa Mzee Wafula.

Alitusikiliza mpaka mwisho. Brayo ndiye aliyelia. Mzee akamtazama mkewe na ule mkono, akanitazama mimi.

"Kijana, mimi nilijua sijawa maiti, hata bila kompyuta," akasema. "Aliyezikwa siku ile ni yule msichana. Na wewe ulikuwepo kwenye mazishi yake, ukinywa chai. Sasa utakuja kumfukua, mbele ya wale wale."

Mkutano ukaitwa. Nilisimama bila karatasi. Niliongea vibaya, nikaruka mambo, nikayarudia, mama mmoja akaniambia niongeze sauti. Lakini nilimaliza. Hakuna aliyepiga makofi, na hakuna aliyenipa chai.

Adhabu yetu ni hii: msiba wowote wa chama, mimi na Brayo tunafika wa kwanza na viti na kuondoka wa mwisho, sufuria zikiwa zimeoshwa. Sufuria za msiba ni kubwa, jamani. Mtu anaingia ndani mzima.

Chama kilimwomba Akoth radhi na kumrudisha. Alichukua muda wake kukubali, na alikubali kwa masharti: funguo zote mpya, na programu yangu isiukaribie mfumo wake. Wanawake wamerudi upande wa kamba wa mama yake. Lakini Tassia walishampa mtu mwingine ile kazi, na mtu huyo sasa anatengenezea vyama vingine. Hiyo sikuweza kumrudishia.

Tukikutana kwenye ngazi ananiambia "habari", kama anavyomwambia mkusanya kodi. Nami najibu "nzuri" na kumpisha.

Ile ripoti yake bado iko wazi mtandaoni. Mimi ndiye mwenye ukurasa, nina uwezo wa kuifunga kwa kubonyeza mara moja, maana hitilafu yenyewe nilishairekebisha. Sijaifunga. Yeye ndiye aliyeifungua. Akiona imekwisha, ataifunga mwenyewe.

Ndugu zangu mnaojifunza kwenye saiba na vyumba vya ploti, mnaotaka sana kazi yenu isionekane ya mtu asiyesoma: kabla hujamkabidhi mtu kifurushi, kifungue kama angekifungua adui yako. Kama kuna kitu umekiandika kwa watu ambacho ndani si kweli, kiondoe, hata kama kinapendeza, hasa kama kinapendeza. Na ukishamuumiza mtu, usikae ukitafuta maneno mazuri. Nenda na hayo mabaya uliyo nayo, nenda leo, wakati jina lake bado lina njia ya kurudi nyumbani.